Kiwiko cha Shosho

Mama yangu alisimama mbele ya mchoro, mkoba bado begani, akaukaribia mpaka nikadhani anataka kuunusa. Kisha akauliza, "Huyu mama aliungua hapa?"

Alikuwa anaonyesha kiwiko. Nikasema ndiyo.

"Woi, pole yake. Mafuta?"

"Uji," nikasema.

Sijui uji ulitoka wapi. Huyo mama hakuwahi kuungua. Ni Shosho wa rafiki yangu, amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni kule Ol Kalou, anachagua maharagwe kwenye ungo, na ngozi ya mkono wake ilikuwa nzima kabisa hadi siku mbili kabla ya mama yangu kufika, nilipochukua kitambaa cha kuoshea vyombo, nikakichovya kwenye maji ya sabuni, nikasugua.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo halinipi nafasi. Kitu ambacho mtu mwingine amekitengeneza kwa mikono yake kikishakuwa chako, wewe bado unadaiwa nini? Na nani anadai? Ukiwa na haraka unaweza kujibu kwamba kitu hakidai mtu, ni kitu tu. Mimi pia nilijibu hivyo, kwa muda.

Mchoro ulinifikia kama malipo. 2021 tulikuwa tunaishi watu wawili chumba kimoja nje ya chuo, na jamaa akakwama na kodi miezi miwili. Nikamlipia sehemu yake, shilingi 6,500, pesa niliyokuwa nimepata kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za darasani. (Kazi hiyo inastahili insha yake yenyewe. Itabidi niiguse huko mbele, lakini si sasa.) Siku ya kuhama akaniachia kanvasi ya sentimita 60 kwa 90 ikiwa imefunikwa kwa shuka. "Hii inatosha?" akaniuliza. Nikamwambia inatosha. Ukweli ni kwamba sikuona kama inatosha. Nilikuwa nataka pesa yangu.

Mwaka uliofuata mimi nikaacha chuo. Mchoro nimehama nao mara tatu, na sasa tuko Zimmerman, bedsita, ghorofa ya nne, dirisha moja.

Nianze na suala la ukuta, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Ukiingia mtandaoni kusoma jinsi ya kutundika mchoro nyumbani, utaambiwa usiutundike penye jua la moja kwa moja, wala juu ya jiko, wala kwenye ukuta wenye unyevu, na kwamba katikati ya mchoro pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni ili macho ya mtu aliyesimama yakutane nao bila kupanda wala kushuka. Ushauri mzuri sana, ulioandikwa na mtu mwenye kuta za kuchagua. Mimi nina nne. Ukuta wa kwanza una dirisha linaloangalia magharibi. Wa pili unatazamana na hilo dirisha, kwa hivyo kuanzia saa tisa mchana unapigwa na jua mpaka linapozama, na jua ndilo linalokula rangi polepole bila kelele, wekundu na manjano ya aina fulani zikitangulia kuondoka. Wa tatu tumeugawana na bafu. Upande wa chini plasta imefura kama chapati na ukiweka kiganja unasikia ubaridi. Wa nne ndipo ilipo meko ya gesi.

Kuna siku nilienda Nairobi Gallery, lile jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa mkoa pale mjini, kuangalia vitu vya Joseph Murumbi. Murumbi alikuwa makamu wa rais wa pili wa nchi hii, na kazi za sanaa alizokusanya alikuwa akiishi nazo nyumbani kwake kabla hazijawa za umma. Watu huenda pale kuona sanaa. Mimi nilitoka na wivu wa kuta.

Nikachagua meko. Yaani, nilipima madhara nikaona mafuta yanafutika, jua halifutiki. Mchoro ukakaa hapo karibu miaka miwili, mita moja na nusu kutoka kwenye sufuria, ukila mvuke wa ugali na moshi wa mayai ya kukaanga kila siku pamoja nami. Sikuona ukibadilika. Uchafu wa aina hiyo haufiki siku moja ukabisha hodi. Nilikuja kuuona tu nilipojua mama anakuja, nikaiangalia nyumba kwa macho yake, na Shosho akaonekana kama mtu aliyekaa nyuma ya pazia la chai.

Sasa, akriliki. Ni rangi changa. Ile ya kuchanganywa na maji ilianza kuuzwa kwa wachoraji kule Marekani katikati ya miaka ya 1950, kwa hivyo duniani kote hakuna mchoro wake hata mmoja uliofikisha miaka 100. Rangi ya mafuta watu wameitazama ikizeeka kwa karne kadhaa. Hii bado tuko nayo njiani. Ni chembe za rangi zilizoshikwa ndani ya plastiki: maji yakikauka, matone madogo mno ya plastiki yanakaribiana, yanagandana, yanakuwa utando. Watu hudhani utando huo ukishakauka umekuwa mgumu kama sahani. Hapana. Kwenye joto la kawaida la nyumba unabaki mlaini kidogo, kama raba. Ndiyo maana vumbi likikaa siku nyingi linajizika ndani yake, na ndiyo maana ukiufunga na nailoni kisha joto likapanda, nailoni inaweza kung'ang'ania rangi. Ndiyo maana pia kinachotakiwa ni burashi laini na kavu, kupangusa taratibu mara kwa mara, kabla vumbi halijapata makao. Maji na sabuni vinaufurisha utando, vinaulegeza. Ukiusugua ukiwa umelegea, unaondoka na kitu.

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba nikifuta meza inang'aa.

Nilianzia pembeni, kwenye ukuta wa jikoni ya Shosho, na kweli uchafu ukatoka, nikafurahi. Nikaongeza nguvu. Nilipofika kwenye mkono wa kulia nikaona kitambaa kimebadilika rangi, kahawia yenye wekundu ndani yake, na nikawaza, kumbe hii nyumba ni chafu hivi. Sekunde kama tano hivi niliendelea kusugua nikidhani ninasafisha. Nilipoondoa mkono, kwenye kiwiko palikuwa na doa la ukubwa wa shilingi ishirini, jeupe, nyuzi za kanvasi zikionekana.

Jamaa alikuwa na tabia ya kuongeza maji kwenye rangi ili tyubu iende mbali. Nilimwona akifanya hivyo usiku mwingi, kikombe cha maji pembeni, akihesabu matone. Ukizidisha maji, plastiki inakuwa haba na chembe za rangi zinakosa cha kuzishika. Na mwishoni hakupaka vanishi, ambayo ingekuwa ngozi ya juu ya kupokea moshi kwa niaba ya rangi, kwa sababu hakuwa na pesa ya vanishi. Ukifuatilia hesabu mpaka mwanzo, kilichobaki kwenye kitambaa changu kilikuwa ule ufukara wetu wa 2021. Lakini hapo ninajitafutia msamaha. Mkono uliosugua ulikuwa wangu.

Nilelewa katika nyumba ya vitambaa. Unaijua. Kochi lina vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ina chake, rimoti iko ndani ya nailoni, na kwenye kabati la vioo kuna sahani zenye maua ambazo sisi watoto hatujawahi kula nazo hata siku moja, zinamsubiri mgeni. Mgeni mwenyewe akija anapewa zile za kawaida, maana hizo nyingine zitavunjika. Baada ya doa lile nilianza kuwaelewa mama zetu. Nilifikiria kuutoa mchoro ukutani, kuurudishia shuka yake na kuusukuma chini ya kitanda. Hakuna jua huko, hakuna mafuta, hakuna mjinga mwenye kitambaa.

Ila pia nilikumbuka zile sahani. Sijui chakula kingekuwa na ladha gani juu yake. Shosho alikaa kwenye kile kigoda siku tatu, asubuhi tatu kwa sababu mwanga wa mchana ulikuwa tofauti, na jamaa aliniambia kila baada ya dakika kadhaa alikuwa akiuliza atakaa hivyo mpaka lini. Mtu hakalii kigoda siku tatu ili uso wake ukalale chini ya kitanda Zimmerman. Kuutazama mchoro kunauchakaza, kwa sababu unahitaji mwanga, na mwanga ndio unaoula. Kutoutazama kunauhifadhi mpaka unakuwa mbao na kitambaa tu. Sioni njia ya tatu. Nadhani kila mwenye kutundika kitu ukutani amekubali kukiua taratibu, na adabu iliyobaki ni kuhakikisha ni taratibu kweli.

Hilo la kuchakaa kwa kutazamwa linanisumbua kidogo tu. Linalonisumbua sana ni la uji.

Mama yangu ana historia nami ya kufichwa mambo. Nilipoacha chuo sikumwambia. Miezi minane nilikuwa nikimjibu kuhusu mitihani ambayo sikufanya, hata nilimtajia mhadhiri mkali ambaye hakuwepo. Alipokuja kujua hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Na ile pesa ya karatasi za mtihani niliyotuma Machi?" Nilikuwa nimeila. Hii ya kuja Zimmerman ilikuwa mara yake ya kwanza kunitembelea tangu hapo, ametoka Nakuru na viazi na kuku aliyechinjwa tayari, na kabla hata hajakaa chini nikawa nimemwambia uwongo kuhusu mwanamke ambaye si wake wala wangu. Yeye akamhurumia. Alipokuwa akiondoka kesho yake alimtazama tena, akatikisa kichwa.

Alipopanda matatu nilishuka mjini nikanunua tyubu ndogo ya kahawia, nyingine ya nyekundu, na burashi nyembamba. Mpango ulikuwa rahisi: nitaziba. Nilichanganya rangi kwenye kifuniko cha Blue Band na kuijaribu kwenye kadibodi. Ikiwa mbichi ilifanana kabisa na mkono wa Shosho, ikikauka ikawa nzito kuliko mkono. Akriliki ndivyo ilivyo; ile plastiki ikiwa na maji ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, rangi inashuka. Nikarekebisha. Mara ya tatu nikaipata. Nilishika burashi, nikapiga magoti kwenye kitanda, nikauweka mkono wa kushoto ukutani ili wa kulia usitetemeke.

Sikuweza. Nilikaa vile mpaka rangi ikakauka kwenye burashi, ambayo kwa akriliki si muda mrefu.

Mwanzoni nilidhani ni woga wa kuharibu zaidi. Nadhani wengi mnamkumbuka yule mama mzee wa Borja, Uhispania, ambaye 2012 alijaribu kumtengeneza Yesu wa ukutani kanisani kwao, na dunia nzima ikamcheka kwa wiki kadhaa. Mimi pia nilicheka, nilituma zile picha. Sasa simcheki. Alikuwa na nia njema na alifanya kazi yake mchana, watu wakimwona. Yake ilikuwa mbaya, kwa hivyo kila mtu alijua. Yangu ingekuwa nzuri, na hakuna ambaye angejua, na hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kimenishika mkono.

Chini kulia kwenye mchoro kuna herufi mbili za jina lake na mwaka. Zile herufi zinasema: haya yote nimeyafanya mimi. Nikipaka kile kiwiko, zitaanza kusema hivyo kuhusu rangi yangu pia. Miaka yote nimelipwa ili maneno yangu yabebe majina ya wanafunzi ambao sijawahi kuwaona, na niliizoea kazi ile kwa kujiambia kwamba mwenye jina ameridhia. Hapa mwenye jina hajaulizwa. Doa lilikuwa baya, lakini halikuwa limesema uwongo wowote. Uwongo niliusema mimi kwa mdomo. Burashi ingeuandika.

Kuna watu wenye kazi hii rasmi, na wao huziba madoa ya watu kila siku. Nilisoma kuhusu kanuni zao usiku mmoja: gusa palipoharibika tu, tumia kitu ambacho anayekuja baada yako anaweza kukiondoa, andika kila ulichofanya. Nikapata pia habari ya Mark Rothko. Mwaka 1964 michoro yake mikubwa ilitundikwa kwenye chumba cha kulia cha Chuo Kikuu cha Harvard, juu kabisa ya jengo lenye madirisha makubwa. Watu walikula pale miaka na miaka huku jua likiila rangi nyekundu aliyotumia, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 michoro ikapelekwa stoo. (Haikuwa akriliki, lakini jua halibagui sana.) Ilipoonyeshwa tena 2014 hawakuipaka kitu. Waliweka projekta inayomulika mwanga wa rangi juu yake, kila sehemu ikipata kiasi chake, mpaka wekundu uliopotea ukarudi machoni. Projekta ikizimwa, unaiona michoro kama ilivyo, imefifia. Hiyo niliipenda sana. Wamekusaidia kuona bila kukudanganya. Nilijaribu kuwaza ningefanyaje hivyo kwa tochi ya simu, nikacheka peke yangu.

Hata sheria yetu inajua kwamba anayenunua hanunui yote. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inambakishia msanii haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi, na haki ya kupinga kazi yake ikikatwa au kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Marekebisho ya 2019 yakamwongezea mgao wa asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kwenye mnada au kupitia galari. Maana yake kuna uzi unaobaki kati ya mkono na kitu hata baada ya pesa kupita. Lakini hizo ni sheria za watu wanaogombana. Mimi na jamaa hatujagombana. Kiswahili kina neno la karibu zaidi kuliko hakimiliki, nalo ni amana: kitu kilicho kwako ambacho utaulizwa. Shida ni kwamba amana ina mwenyewe anayejulikana, na mchoro huu nililipwa nao.

Nikaanza na mama, maana kwake nilikuwa na hakika. Nilimpigia Jumapili baada ya kanisa.

"Mama, yule mama wa kwenye picha. Hakuungua. Ni mimi nilitoa rangi nikisafisha."

"Najua hakuungua," akasema. "Uji ukimwagikia mtu unateremka. Hauwezi kukaa mahali pamoja hivyo, umekuwa mviringo. Umekula?"

Ndiyo hiyo. Miezi mitatu nilikuwa nimebeba kitu ambacho yeye alikiweka chini kabla ya kufika stendi.

Jamaa alikuwa mgumu zaidi. Siku hizi yuko Naivasha, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anauza rangi za nyumba kwa galoni. Hachori. Hatujazungumzia kwa nini hachori, kama vile hatuzungumzii kwa nini mimi sikumaliza chuo. Ni mkataba ambao haukuandikwa. Shosho wake alifariki 2022. Nilichanga, sikuenda.

"Jo, niko na neno," nikamwambia.

"Sema."

"Ule mchoro wa Shosho. Niliuharibu."

Nyuma yake mtu alikuwa akiuliza bei ya misumari ya mabati. "Uliuza?"

"Zii. Nilisugua na sabuni. Rangi imetoka kwa kiwiko."

"Ah." Akamtajia yule mtu bei. "Sikia, hiyo ni yako bana. Nilikulipa nayo. Deni iliisha. Hata ukitaka kufungia mandazi, ni sawa."

Akacheka, nikacheka, akasema kuna wateja, tukaagana.

Kwa hesabu za kawaida mambo yangekuwa yameishia hapo. Mdai akisema hakudai, hudaiwi. Nilingoja kusikia wepesi, haukuja. Nilikaa kitandani nikimwangalia Shosho na kujiuliza, basi ni nani? Yeye mwenyewe hayupo. Nilikutana naye mara moja tu, alinipa githeri kwenye bakuli la plastiki, akaniuliza kama Nairobi tunakula. Mchoraji ameniachilia. Mama amesamehe kabla hajaombwa. Nimebaki na deni lisilo na mwenyewe, na nikigundua kwamba halipungui hata kidogo kwa kukosa mwenyewe. Kwa rafiki zangu ambao nimewaambia haya, nusu wanasema ni ule moyo wa mtu mwenye hatia za kutosha kwingineko, kwamba ninalipia chuo kwa kiwiko. Inawezekana. Lakini hata kama ndivyo, sioni kwa nini hilo lilifanye deni kuwa la bandia. Watu wengi huanzia kulipa pale mkono unapofika.

Kile ninachoweza kusema ni kidogo. Ninadhani ninadaiwa kutosema juu ya yule mama jambo ambalo si kweli, kwa mdomo wala kwa burashi. Na ninadaiwa ukuta.

Kwa hivyo Jumatatu nilihamisha kitanda. Ilichukua asubuhi nzima na jirani mmoja, kwa sababu bedsita ukisogeza kitu kimoja vyote vinasogea. Meko imebaki kwake. Kitanda kimeenda chini ya dirisha, na ule ukuta wa pili, unaopigwa na jua, una kipande cha upana wa mita moja hivi karibu na mlango ambako kabati linaweka kivuli mchana kutwa. Nilikuwa nimekaa hapa muda wote huo sijakiona. Nilipiga misumari miwili iliyoachana, si mmoja, ili fremu isipinde shingo kila mlango unapobamizwa. Nyuma, kwenye pembe mbili za chini, nilibandika vipande vya patipati kuukuu ili mchoro usigusane na ukuta na hewa ipite. Ile sentimita 150 niliisahau. Mimi sina kochi, nyumbani ninakaa chini kitandani, kwa hivyo Shosho yuko chini pia, macho yake kwenye ungo na yangu kwenye macho yake. Nyuma, kwenye mbao, nimeandika kwa penseli tarehe na nilichofanya: nilisugua kwa sabuni, rangi ikatoka kwenye kiwiko, sikupaka kitu.

Usiku huo, saa tano na dakika arobaini, simu ikawaka. Ni jamaa.

"Ni kiwiko cha kulia ama cha kushoto?"

Ninakijua kiwiko hicho kuliko ninavyojua changu. Bado niliamka, nikawasha taa, nikaenda kuangalia.